Mama abaki Mueda, ahamie Mtwara, au awe anakuja na kurudi? Ulinganisho kwa familia za pande mbili za Ruvuma

Katika nyumba nyingi za Mtwara, Newala, Tandahimba, Masasi na Nanyumbu, swali hili huingia siku simu inapopigwa kutoka ng'ambo ya mto Ruvuma na kueleza kwamba mama hawezi tena kwenda kuchota maji, au kwamba macho yamefifia na usiku anatembea kwa kupapasa ukuta. Watoto wako huku, ambako wamezaliwa au wameolewa, na kazi zao, wajukuu na mikorosho viko huku vilevile. Mzazi yuko Mueda, Nangade, Palma au Mocímboa da Praia, katika mkoa wa Cabo Delgado, Msumbiji, katika nyumba aliyoijenga mwenyewe na kati ya majirani wanaomjua tangu usichana wake. Ulinganisho huu umeandikwa kwa ajili ya familia hizo. Njia ziko tatu: kumhamishia mzazi huku moja kwa moja, kumwacha kwake na kumtunza kutoka huku, au kumwezesha aishi pande zote mbili kwa misimu, akija na kurudi kwa pasipoti iliyogongwa muhuri. Niseme mapema ninakoegemea: pale ambapo kijiji chake ni salama na yupo ndugu wa kulala naye nyumba moja, njia ya tatu huwafaa wengi zaidi, ingawa ndiyo inayodai uangalifu mkubwa wa nyaraka.

Ujerumani na Ureno zilipokubaliana mwaka 1886 kwamba Ruvuma uwe mpaka, watu wa nyanda mbili za juu za Wamakonde, ile ya Newala na ile ya Mueda, walikuwa na ndugu pande zote za mto. Eneo la Kionga, kusini mwa mdomo wa Ruvuma, lilishikwa na Wajerumani mwaka 1894, Wareno wakalitwaa mwaka 1916, na mwaka 1919 likathibitishwa kuwa la Ureno, hivyo familia za pwani ile zilibadilishiwa watawala bila kuhama hata nyumba moja. Vita vya ukombozi wa Msumbiji vilivyoanza tarehe 25 Septemba 1964 vilileta maelfu ya watu huku. Wengine walipewa makazi Rutamba, mkoani Lindi, na wapiganaji wa FRELIMO walifunzwa Nachingwea. Uhuru ulipopatikana tarehe 25 Juni 1975 baadhi walirudi na baadhi walibaki, kisha vita vya wenyewe kwa wenyewe, vilivyomalizika mwaka 1992, vikaleta wengine tena. Hii ndiyo sababu mama mwenye umri wa miaka 75 aliyeko Mueda leo anaweza kuwa alikulia Rutamba, anazungumza Kiswahili bila shida, na ana watoto wawili waliobaki huku na mmoja aliyerudi naye. Kwa mzazi wa namna hiyo, kuhamia Mtwara ni jambo tofauti kabisa na kwa mzazi ambaye hajawahi kuuvuka mto, na familia ianze kwa kujiuliza mzazi wake ni yupi kati ya hao wawili.

Nani anaamua

Kabla ya kulinganisha gharama na sheria, kuna jambo ambalo watoto wenye mishahara hulisahau kwa nia njema. Kwa Wamakonde, Wamakua na Wayao ukoo huhesabiwa kwa upande wa mama, na ingawa dini, mji na shule vimeupa upande wa baba uzito mkubwa kuliko zamani, sauti ya mjomba na ya ndugu wa tumbo moja bado ina nguvu inapofika kwenye ugonjwa, mahari, jando, unyago na mazishi. Mama ni mama wa watoto wake, lakini pia ni dada wa kaka zake na mama mkubwa au mama mdogo wa watoto wa dada zake. Mtoto anayefika na gari, akapakia godoro na masanduku na kuondoka na mama yake bila kikao, huacha nyuma ugomvi utakaorudi siku ya msiba. Kikao kifanyike kule, mjomba awepo, na mama mwenyewe aulizwe mbele ya watu na aulizwe tena faraghani, kwa sababu wazee wengi hukubali hadharani ili wasiwaaibishe watoto.

Swali la pili katika kikao hicho ni nyumba ya nani. Kuhamia kwa binti na kuhamia kwa mwana wa kiume ni mambo mawili, na kwa maoni yangu tofauti yake ni kubwa karibu kama ile ya kuvuka mpaka. Kwa mwana wa kiume, jikoni ni kwa mkwe wake wa kike, na mama anayetoka kwenye uongozi wa nyumba yake anajikuta anaomba chumvi. Kwa binti anakuwa na mtu wa ukoo wake jikoni, lakini hapo ipo heshima ya kukwepana kati ya mama na mume wa binti yake, ambayo wazee wa huku hawaichukulii kama mzaha. Katika nyumba ya kupanga ya vyumba viwili Chikongola au Magomeni, mjini Mtwara, yenye sebule moja na choo kimoja, mzee wa namna hii hushinda chumbani mchana kutwa kwa sababu tu mkwe yuko sebuleni, na watoto hudhani anaumwa. Chumba chenye mlango wake wa nje, hata kiwe banda dogo la matofali uani, hutatua jambo hili kuliko maneno mengi ya kumtaka ajisikie nyumbani.

Kumhamishia huku

Faida ya njia hii haina ubishi: mama yuko mbele ya macho. Akiugua usiku, bajaji inamfikisha Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Ligula, na yapo matibabu ya ngazi ya juu katika Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini iliyoko Mitengo. Familia za Masasi zina Ndanda, na za Lindi zina Sokoine na Nyangao. Wajukuu wanamjua bibi yao kwa sura na kwa hadithi zake, si kwa sauti ya simu inayokatika. Kwa mzazi ambaye hana mtu wa kulala naye nyumba moja, au ambaye kumbukumbu zinaanza kumpotea, sioni njia nyingine inayoshindana na hii.

Ugumu uko kwenye hadhi yake kisheria. Raia wa Msumbiji haombi viza ili kuingia Tanzania kama mgeni, lakini muhuri anaogongewa mpakani una mwisho, na kwa kawaida muda huo hauzidi siku 90. Mama anayekaa mwaka mzima kwa muhuri wa miezi mitatu ameshavunja sheria, hata kama hakuna mtu wa mtaani anayemuuliza. Familia inayokusudia akae moja kwa moja iende ofisi ya Uhamiaji ya mkoa kabla muhuri haujaisha, iulize kuhusu hati ya mtegemezi na vibali vya ukaazi, na iende na cheti cha kuzaliwa cha mtoto kinachoonyesha jina la mama huyo. Hapo ndipo wengi hukwama, kwa sababu jina lililoandikwa kwenye cheti cha mtoto ni la Kiswahili au la Kimakonde, na lililo kwenye kitambulisho cha Msumbiji ni la ubatizo kwa Kireno. Majina hayo yakitofautiana, tafuteni kiapo mahakamani au kwa wakili mapema, kwa kuwa afisa hana namna ya kujua kwamba watu wawili kwenye karatasi ni mama mmoja.

Wapo wanaofikiria uraia wa tajinisi, yaani wa kuomba. Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 inamtaka mwombaji awe ameishi nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na katika miaka 10 iliyotangulia miezi hiyo awe ameishi nchini jumla ya miaka isiyopungua 7, pamoja na kujua Kiswahili au Kiingereza na kuwa na tabia njema. Zaidi ya hayo, Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa raia wa nchi mbili, hivyo atatakiwa kuuacha uraia wa Msumbiji. Kwa mzee wa miaka 75 nasema wazi kwamba njia hii mara nyingi haina maana: ni ndefu, ina gharama, na inamwondolea haki zake za kule kabla hajapata utulivu wa huku.

Kuna njia ya mkato inayonongʼonwa mitaani, nayo ni kumwandikisha mama kama mzaliwa wa kijiji fulani cha Tandahimba ili apate kitambulisho cha Taifa. Nawasihi watu wasiifuate. Kutoa taarifa za uongo kuhusu uraia ni kosa la jinai, na madhara yake hayaishii kwa mama. Siku mtoto wake anapoomba pasipoti, au mjukuu anapoulizwa asili ya bibi yake, maelezo mawili yanayopingana huweza kuutia shaka uraia wa watu ambao ni raia halali kabisa. Familia za mpakani huulizwa maswali mengi kuliko za Morogoro au Mbeya, na kinga yao kubwa ni kusema kitu kimoja kila ofisi wanayoingia.

Ardhi nayo inahitaji tahadhari. Kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, asiye raia hamiliki ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji ulioidhinishwa. Kwa hiyo ule wema wa kumnunulia mama eka mbili za mikorosho na kuziandika jina lake ili asijione mzigo hauna msingi wa kisheria, na ukifanyika huzaa mgogoro atakapofariki. Shamba liandikwe jina la mtoto aliye raia, mama alime na kuokota korosho kama mtu wa nyumbani. Jembe atalitaka mwenyewe. Methali ya mgeni na siku yake ya tatu hakuna anayeishika kwa moyo kama mwanamke wa Mueda aliyekaa bure siku mbili kwenye nyumba ya saruji mjini.

Kuhusu matibabu, msamaha wa gharama kwa wazee wasiojiweza wenye umri wa miaka 60 na kuendelea katika vituo vya umma umelengwa kwa wananchi, na familia isipange bajeti yake kwa kuutegemea. Hesabuni kwamba vipimo, dawa za presha na za sukari, na kulazwa vitalipwa taslimu.

Kumwacha kwake na kumtunza kutoka huku

Njia hii hudharauliwa na walioko mjini kwa sababu inaonekana kama kumtelekeza mzazi. Mimi naiona vingine, mradi tu utunzaji uwe wa kweli. Mzee aliye kwake ana shamba lake la muhogo, ana kanisa au msikiti anakojulikana, ana wanawake wenzake wa rika moja waliochezwa unyago pamoja, na ana watu wanaomwita kwa jina ambalo Mtwara hakuna anayelijua. Ukimtoa hapo unampa dawa na kumnyima mazungumzo.

Lipo pia jambo la fedha ambalo watoto wa huku hawalijui vya kutosha. Uwanda wa Mueda ulitoa wapiganaji wengi wa vita vya ukombozi, wanawake wakiwemo, na Serikali ya Msumbiji hulipa pensheni kwa maveterani wa vita hivyo waliosajiliwa. Kwa wazee maskini ambao hawana pensheni, ipo ruzuku ndogo ya kila mwezi inayosimamiwa na taasisi ya ustawi wa jamii iitwayo INAS. Mama au baba mwenye moja ya mafao hayo ana fedha yake mwenyewe, na heshima inayotokana na kununua sukari kwa fedha yako mwenyewe ukiwa na miaka 75 si ndogo. Wanaolipwa na serikali hutakiwa kujitokeza kuthibitisha kuwa wako hai, na mtu aliyehamia Mtwara bila kurudi anaweza kusimamishiwa malipo. Kabla ya kumhamisha mzazi wa namna hii, ulizeni kwanza analipwa nini, wapi, na mara ya mwisho alijitokeza lini.

Maji ndiyo mzigo mkubwa. Uwanda wa Mueda, kama ule wa Newala, uko juu na maji yako chini, na mzee hawezi kushuka na kupanda kilima. Kwa hiyo utunzaji kutoka mbali huanza na tangi la kuvunia maji ya mvua na bati zuri la kuyakusanya, kisha ndipo vitu vingine. Baada ya maji, mtunzaji. Chagueni mtu mmoja, ikiwezekana mtoto wa dada yake au mjukuu wa kike aliyekwisha kukua, na mlipeni waziwazi kila mwezi kama mnavyomlipa mfanyakazi, badala ya kumtumia vitu vya hapa na pale na kutarajia awe na subira ya malaika. Binti aliyeacha biashara yake ya sokoni ili amwogeshe bibi yake anafanya kazi, na kazi ina ujira. Familia nyingi hugombana kwa sababu walioko Mtwara hutuma fedha kwa mama, mama huzigawa kwa kila mwenye shida, na anayemhudumia hubaki mikono mitupu.

Kutuma fedha kwenyewe kunataka mpango. Huduma ya M-Pesa ipo pande zote mbili, lakini ni kampuni za nchi mbili na sarafu mbili, shilingi na metikali, hivyo familia nyingi hutegemea ndugu mwenye laini ya Msumbiji au mfanyabiashara anayevuka mara kwa mara. Anayevuka na fedha za watu apewe na karatasi yenye kiasi, na anayepokea apige simu siku hiyohiyo kutaja alichopokea.

Usalama ndio unaoweza kuifuta njia hii yote. Tangu tarehe 5 Oktoba 2017, Mocímboa da Praia iliposhambuliwa, Cabo Delgado imekuwa na mashambulizi ya silaha. Palma ilivamiwa Machi 2021, na huku kwetu kijiji cha Kitaya kilishambuliwa Oktoba 2020. Hali hutofautiana sana kati ya wilaya na wilaya na kati ya mwezi na mwezi, na mtu wa kuulizwa ni ndugu aliyeko kijijini wiki hii. Kijiji kinapokimbia, mzee asiyeweza kutembea ndiye anayebaki. Kama mzazi yuko mahali ambapo watu wamewahi kukimbia, basi mpango wa kumwacha kwake lazima uwe na jina la mtu atakayembeba, pikipiki itakayokodiwa na mahali pa kwanza pa kufikia. Familia isiyoweza kujibu mambo hayo matatu imhamishe. Na ikitokea akavuka akikimbia mapigano, hiyo si ziara ya kawaida: ajitambulishe mapema kwa mamlaka, hata kwa kuanzia na mtendaji wa kijiji, kwa kuwa Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 ina utaratibu wake kwa anayeomba hifadhi.

Kuja na kurudi

Hapa mama hubaki na nyumba yake, na kila mwaka hutumia muda fulani kwa watoto wake huku. Wengi hupendelea aje mvua za masika zikiwa zimekwisha, njia zikipitika, au msimu wa korosho, nyumba zikiwa na fedha na kazi ya kuokota na kubangua ikiwa haimchoshi mzee anayependa kushika kitu mkononi. Kisha anarudi kupanda, kuthibitisha pensheni yake na kuhudhuria misiba na sherehe za kwake. Akiwa huku anapimwa macho, presha na sukari, anapewa dawa za miezi kadhaa, na watoto wanapata nafasi ya kuona kwa macho yao jinsi alivyobadilika tangu mwaka jana.

Ubora wa njia hii uko kwenye pasipoti. Akiwa nayo, kila ziara ni halali, kila muhuri una mwanzo na mwisho, na rekodi yake ni safi siku familia itakapohitaji kuomba kibali cha ukaazi kwa sababu hali imebadilika. Udhaifu wake uko barabarani, na hapa ulinganisho wa vivuko viwili vikuu unahitaji nafasi yake.

Kilambo, katika Wilaya ya Mtwara, ndiko karibu kwa anayetoka Mtwara mjini, na ng'ambo yake njia inaelekea Kionga na Palma. Kwa familia za pwani, ambako Kimwani na Kiswahili vinasikika kila mahali, ndiyo njia ya asili. Hata hivyo, mto hapo ni mpana, una michanga inayohama, na uvukaji hutegemea kina cha maji na kupwa na kujaa kwa bahari. Kivuko kisipokuwepo, watu hutumia boti na mitumbwi. Kijana mwenye mkoba hupita bila tatizo. Mzee wa kushikwa mkono, anayepaswa kukanyaga tope, kuinuliwa kuingia mtumbwini na kukaa juani akisubiri maji yajae, atafika amechoka kiasi cha kusema hatarudia. Ruvuma una viboko na mamba, na kuvuka jioni katika mtumbwi uliojaa si jambo la kumfanyia mama.

Mtambaswala, wilayani Nanyumbu, lipo Daraja la Umoja, lenye urefu wa meta 720, lililofunguliwa tarehe 12 Mei 2010 na Marais Jakaya Kikwete na Armando Guebuza na kuelekea Negomano upande wa Wilaya ya Mueda. Kutoka Mtwara mjini ni mbali mara nyingi zaidi ya Kilambo, kwa kuwa inabidi kupita Masasi na Mangaka, na upande wa pili bado kuna safari ndefu kutoka Negomano hadi Mueda. Lakini mama habanduki kwenye kiti cha gari isipokuwa kwa ajili ya muhuri, mvua haizuii kuvuka, na mizigo yake, kuanzia magunia ya makopa hadi kuku wawili ambao hatakubali kuwaacha, inapita pamoja naye. Kwa familia za Mueda na kwa familia za Masasi, Nanyumbu na Nachingwea, sioni sababu ya kushindana na daraja. Kwa familia za Palma, ambako kuzunguka kwa Mtambaswala kungekuwa safari ya siku kadhaa, Kilambo inabaki, ila iwe asubuhi, msimu wa kiangazi, na pamoja na vijana wawili wa kumbeba.

Kumbukeni pia kwamba saa ya Msumbiji iko nyuma ya yetu kwa saa moja. Anayekuja huku anapoteza saa hiyo: akiondoka ofisi ya Negomano ikiwa saa kumi jioni kule, huku tayari ni saa kumi na moja, na mzee akikuta ofisi imefungwa analala mpakani. Pangeni afike darajani kabla ya adhuhuri.

Dawa ndiyo sehemu inayovunjika kirahisi katika njia hii. Mzee anayetibiwa nchi mbili huandikiwa dawa mbili za kazi ileile zenye majina tofauti, akazimeza zote kwa utii. Awe na daftari moja la kliniki linalovuka naye, na majina ya dawa yaandikwe kwa herufi kubwa, ili muuguzi wa Mueda anayesoma Kireno na daktari wa Ligula wote wayatambue.

Mazishi

Hakuna mtoto anayependa kulizungumza hili, lakini katika njia zote tatu ndilo linalogawa familia kuliko fedha. Mama akifia Mtwara, atazikwa wapi? Kwa familia za Kiislamu za pwani, maziko hayacheleweshwi, na mara nyingi jibu ni kwamba atazikwa alipofia, hitma isomwe pande zote mbili. Kwa familia za Kikristo za uwanda wa Mueda, hamu ya kumrudisha alale karibu na mama yake na dada zake ni kubwa, na kusafirisha mwili kuvuka mpaka kunataka cheti cha kifo, kibali cha afya, ruhusa za pande mbili na gari linalofaa, huku simu zikilia na watu wakisubiri. Anayechagua kumhamisha mama moja kwa moja akubali mapema kwamba huenda anachagua pia kaburi la huku, na amwambie hivyo. Wazee wengi wana jibu tayari. Wanachosubiri ni kuulizwa kwa adabu, na mtu sahihi wa kuuliza mara nyingi ni mjomba au dada wa mama, si mtoto wa mwisho mwenye machozi.

Chaguo kwa kila hali

Mzazi ambaye hana mtu wa kulala naye, anayepoteza kumbukumbu, anayehitaji kliniki kila mwezi, au ambaye kijiji chake kimewahi kukimbia zaidi ya mara moja, ahamishiwe huku, na kazi ya kwanza iwe Uhamiaji na ya pili iwe chumba chenye mlango wake. Nyumba ya binti huwa bora, ikiwa mkwe ameombwa na ameridhika kwa kauli yake. Mzazi mwenye nguvu za wastani, mwenye pensheni au ruzuku, mwenye mpwa wa kumtunza na maji karibu, anayesema wazi kwamba hataki kuhama, abaki kwake, na fedha ambazo zingejenga banda Mtwara zijenge tangi Mueda. Mzazi anayeweza kukaa kwenye gari siku mbili bila kuumia, mwenye watoto pande zote na hamu ya kuwaona wote, awe anakuja na kurudi, akipitia daraja kila inapowezekana.

Ndugu wakishindwa kukubaliana, nawashauri waanze na kuja na kurudi kwa mwaka mmoja, kwa sababu ndiyo njia pekee isiyofunga mlango wa nyingine mbili. Na yeyote aliyeko Mueda au Pemba, mji mkuu wa Cabo Delgado, kwa sasa amsindikize mama kushughulikia kitambulisho na pasipoti yake mwezi huu, akiwa bado anaweza kusimama foleni na alama za vidole vyake bado zinasomeka kwenye mashine. Vidole vilivyoshika jembe miaka 60 hufika mahali havisomeki kirahisi, na safari ya pili ya kwenda ofisi hiyo ni nzito kuliko ya kwanza.